Makofi ya Katikati

"Usigeuke. Mikono juu ya mapaja."

Kigingi hakugeuka. Alihisi mdomo wa bastola ubavuni, chini kidogo ya kwapa. Beretta, alikisia, yenye kiwambo cha kuzuia sauti. Aliyeishika alikaa kiti cha jirani, ametulia kama mtu aliyekuja kustarehe, koti la kijivu limefunika mkono.

Taa zikazimika. Nyuma ya ukumbi, wahudumu wakafunga milango.

Alikuwa amenaswa.

Kulia watu, kushoto watu, magoti yamebanana hadi ukutani. Kwenye bale, ile ngoma ya Kizungu ya kuchezea ncha za vidole, onyesho likishaanza haingii mtu wala hatoki mtu mpaka mapumziko, na onyesho la mchana huu halikuwa na mapumziko.

Mwenye koti alipeleka vidole sikioni mwa Kigingi, akachomoa kipokezi kidogo cha ukubwa wa punje ya mahindi. Akakiponda kwa kisigino. Kisha Glock ya Kigingi nayo ikahamia mfuko wa koti.

"Sasa tutazame ngoma," alinong'ona.

Pazia likapanda.

Mambo ya bale Kigingi alifundishwa na dada yake. Alimburuta huko mara ya kwanza Kigingi akiwa bado na sare ya shule. "Hutasikia mtu akisema neno," alimwambia. "Hadithi yote inasemwa na mwili, kwa hiyo usikae kusubiri maneno. Simu zima. Usikohoe ovyo. Na wale wawili wakuu wakimaliza ngoma yao, utaona wanaacha kila kitu, wanakuja mbele kuinama, watu wanapiga makofi. Usinyanyuke kwenda nyumbani. Hapo ni katikati tu."

Mama yao alipofariki, dada huyo ndiye aliyemlea Kigingi. Alimpikia, alimfulia, alimlipia shule. Leo alikuwa mkemia mkubwa, na kichwani mwake mlikuwa na fomula ya dawa inayozima sumu ya gesi ya vita. Hakuiandika popote. Kuna watu wa nje waliokuwa tayari kuchukua kichwa chenyewe.

Naye alikuwa pale juu, kwenye roshani ya pembeni, peke yake, shingo imenyooka, anatabasamu. Hakujua lolote. Kwa habari alizokuwa nazo, mdogo wake yuko safarini anauza spea za trekta.

Mwenye koti aliinamia kola yake.

"Chumvi, unanisikia? Wewe huko koridoni huoni kitu, tumia masikio. Muziki ukikata na ukumbi mzima ukipiga makofi, ndiyo mwisho. Ingia. Sindano, kiti cha magurudumu, mteremshe na umati. Mama amezimia, hakuna atakayeuliza. Ambulansi inafika mlangoni wakati huohuo."

Jasho lilimtoka Kigingi. Umati ukitoka, koridoni kungejaa watu, na Tochi, mwenzake aliyevalia sare ya mhudumu huko juu, asingeona chochote. Kigingi hakuwa na njia ya kumwonya. Aliogopa, na hakuwa na aibu ya kuogopa. Angetekwa mtu mwingine angesema ni kazi. Huyu alikuwa dada.

Bibi mmoja wa safu ya nyuma aligonga bega la mwenye koti.

"Baba, zima hicho kidude chako."

"Samahani, mama. Dakika moja."

"Dakika gani? Nilidunduliza miezi kuja kuwaona watoto hawa, si kukusikiliza wewe. Zima, au namwita mhudumu."

Vichwa viligeuka. Kijana wa mbele alitoa "shhh" ndefu. Mwenye koti akatabasamu kwa taabu, akachomoa waya sikioni, akazima.

Kigingi alishusha pumzi taratibu. Sasa Chumvi alikuwa na masikio yake tu.

Na huyu wa pembeni, alivyomchunguza, hakuwahi kukanyaga kwenye bale maisha yake yote. Alishtuka kila viatu vilipogonga mbao. Alikuwa akisubiri mtu aongee.

Jukwaani walibaki wawili. Mwanamume alimnyanyua mwanamke kwa mkono mmoja, akazunguka naye, akamshusha bila sauti. Mwanamke akasimama kwa ncha ya kidole cha mguu na kuanza kuzunguka, akazunguka, akazunguka, mpaka Kigingi mwenyewe akasahau bastola kwa nukta moja. Ngoma za okestra zikapanda. Zikakata.

Kimya.

Makofi yakaanza, ya adabu, ya kawaida. Hayakutosha. Yasingepenya ukuta wa koridoni, na Chumvi alipaswa kuamini ndiyo mwisho sasa, kabla umati haujatoka kumficha.

Kigingi akasimama.

"Kaa," mwenye koti alinguruma.

"Watu wanapiga makofi. Tukikaa tutaonekana sisi." Akainua mikono juu, akapiga kwa nguvu zake zote. "Bravo! Bravo!"

Bibi wa nyuma akasimama naye. Safu ikasimama. Safu ya mbele ikaona aibu, nayo ikasimama. Mara ukumbi mzima ulikuwa wima, watu wanapiga mbinja, kiongozi wa okestra ameshusha fimbo, wachezaji wawili wanainama, wanarudi, wanainama tena.

Mwenye koti akatazama huku na huku. "Imekwisha?"

"Wewe unaonaje?"

Uso ukamchangamka. Akanyanyuka.

"Na wewe piga makofi, baba," bibi alimwambia. "Au huna mikono?"

Alimgeukia bibi. Ilitosha. Kiwiko cha Kigingi kilimpata kooni, kiganja kikakunja kifundo cha mkono, Beretta ikapata mwenyewe mpya. Kipigo cha pili, nyuma ya sikio. Mwenye koti akarudi kitini taratibu, kidevu kifuani.

"Amezidiwa na sanaa," Kigingi alimwambia bibi.

"Maskini," bibi alisema, bado anapiga makofi.

Sasa safu. "Samahani. Samahani, mama. Samahani, mzee." Alikanyaga vidole, akaruka mikoba, akatukanwa. Mlango, ngazi, ngazi tena. Mapafu yaliwaka. Kama Tochi alikwenda maliwatoni, dada amekwisha.

Koridoni palikuwa patupu. Mtu mmoja tu, kiti cha magurudumu kimepinduka juu yake. Tochi alikuwa amemkalia mgongoni, tochi yake ya kupigia watu shoti ya umeme ingali inatoa cheche.

"Nani anakuja na kiti cha wagonjwa katikati ya onyesho?" Tochi alisema. "Nikamwomba tiketi. Akatoa sindano."

"Ambulansi?"

"Wenzetu wameidaka mtaa wa pili. Dereva alikuwa bado anakula."

Mlango wa roshani ukafunguka. Dada alitoka, akamtazama Chumvi, sindano, kisha Beretta mkononi mwa mdogo wake.

"Spea za trekta," alisema.

"Shikamoo, dada."

Hakuitika. "Walikuja kunichukua mimi?"

"Ndiyo."

"Na kesho?"

Angeweza kumdanganya, ndiyo kazi iliyomlisha. Hakuweza. "Kesho unahama. Nyumba nyingine, jina lingine. Maabara humohumo ndani. Kumbi za watu basi tena."

"Mpaka lini?"

"Sijui, dada."

Redio ya Tochi ilikoroma. Sauti ya Mkuu. "Mtoeni sasa hivi. Gari liko mlango wa nyuma."

Ndani, muziki ulikuwa umeanza tena. Dada aligeuza sikio kuelekea huko, na Kigingi aliona macho yake yanajaa.

Akaichukua redio. "Hapana, Mkuu. Onyesho likiisha."

"Hiyo ni amri, Kigingi."

"Nimesikia. Likiisha."

Alisimama mgongo mlangoni mpaka mwisho, Tochi kwenye ngazi, Chumvi na mwenye koti, aliyetolewa ukumbini bado hajitambui, wamefungwa pingu kwenye bomba. Dada alirudi kitini, akatazama kila hatua. Pazia lilipofungwa alipiga makofi mpaka ukumbi ukabaki na wafagiaji.

Ndipo akavaa koti lake. Walinzi wawili walimsubiri ngazi za nyuma.

"Umeniokoa na umenifunga, mdogo wangu," alisema. "Vyote siku moja."

"Najua, dada."

Alimshika shavu, akashuka. Hakuangalia nyuma.

Kigingi alitokea mlango wa mbele, mikono mifukoni. Muuza tiketi alikuwa akifunga dirisha.

"Vipi bosi, lilikuwa zuri?"

"Zuri," alisema. Moyo ulimuuma. Akavuka barabara bila haraka, akapotea kwenye watu.