Daftari Safi la Mama Mikate

Mama Mikate alikuwa mwokaji hodari, na yeye mwenyewe alilijua hilo. Kiwanda kidogo cha mikate kilikuwa cha familia: yeye, mumewe na binti yao. Lakini ujuzi wote ulikuwa kichwani mwake. Siku akiumwa, mikate nayo inaumwa.

Sasa jicho lake la kulia liliingia ukungu. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, apasuliwe upesi. Mara mbili alipewa tarehe, mara mbili akaikwepa.

"Nikienda, nani ataoka? Wateja watahama!"

"Mama, si uliandika daftari la kuoka?" binti aliuliza.

Kweli aliandika. Lilikaa kabatini, safi kama sahani za wageni.

Jirani yao, nesi mstaafu, alikuwa amekuja kununua mkate. Akacheka.

"Shoga, kuandika ni nusu ya kazi. Umepima kama linasaidia?"

"Daftari nalo linapimwa? Makubwa!"

"Linapimwa. Wodini tulipokezana zamu kwa daftari, na kila wiki tulihesabu makosa. Kesho wewe keti, binti aoke kwa kusoma. Hesabu maswali yake na mikate itakayoharibika."

Kesho yake Mama Mikate aliketi na kalamu, midomo kaibana. Wee! Kufika saa nne, maswali kumi na manne. Mikate tisa imeungua.

"Mama, 'maji ya kutosha' ni kiasi gani?"

"Ya kutosha ni ya kutosha!"

"Yanayomtosha nani?" baba alidakia.

Mama Mikate alinuna, kisha aibu ikamshika. Mikono yake ilijua kazi; daftari halikujua.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," nesi alimwambia alipopita jioni. "Rekebisha, upime tena."

Akaandika upya: maji vikombe vinne, geuza trei dakika ya ishirini, maana tanuri linaunguza upande wa kushoto. Safari hii daftari lilikaa mezani, kwenye unga. Kila siku walihesabu. Wiki ya kwanza ilipoisha, maswali yalishuka hadi sita kwa siku. Wiki ya tatu likabaki moja, na hakuna mkate ulioungua.

"Ushahidi huo," nesi alisema. "Nenda katibiwe."

Akaenda. Siku ya pili hospitalini, bandeji jichoni, uvumilivu ulimshinda. Akapiga simu.

"Mbona hamniulizi kitu?"

"Mama, kuna foleni hapa! Nitakupigia baadaye," binti alijibu, akakata.

Moyo ulimchoma kidogo, kisha ukajaa furaha. Mama Mikate akavuta shuka, akalala mchana kweupe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe.