Maji Kinywani mwa Adela

Jioni ile Adela alikuwa anarudi zake kutoka sokoni Songea mjini, beseni la usipa, wale dagaa wa ziwani, kichwani, limebaki nusu, na mdomo uko kazini kama kawaida. Kila mlango anaopita pale Matogoro lazima atupe neno. Huyu kamwambia mumewe kanenepa, kula yake ina msaidizi. Yule kamuuliza mgeni mwenye pikipiki nyekundu ni wa nani na ataondoka lini. Kicheko kinatangulia, yeye anafuata nyuma. Watu walishasema Adela akifa, mdomo wake utachimbiwa kaburi lake peke yake.

Halafu jua likagusa mlima.

Akanyamaza.

Maana ndiyo saa yenyewe. Na kweli, hajapiga hata hatua kumi, akasikia. Nyumbani kwa mdogo wake Osmund. Mtoto Otto kaanza.

Na kile si kilio cha mtoto, jamani. Mtoto ana kilio cha njaa, ana kilio cha tumbo, ana kilio cha deko. Kile kilikuwa kilio cha mtu mzima aliyefiwa, kimetiwa kwenye koo la mtoto wa miezi minne. Kinaanza jua likizama, kinakatika majogoo wakiwika. Hospitali walishakwenda. Kapimwa damu, kapimwa choo, kapigwa picha ya kifua. Hana kitu. Mwanzoni mchana alikuwa ananyonya vizuri. Wiki hii hata titi halitaki. Utosi umebonyea, miguu imekuwa kama vijiti vya mshikaki.

Adela akatua beseni, akaingia. Noela, mke wa Osmund, kakaa chini kaegemea ukuta, macho mekundu. Mtoto kapakatwa na jirani yao Zulfa, Myao wa Tunduru, mama wa biashara ya korosho. Zulfa na Adela ni watani. Tangu wafahamiane hawajawahi kusalimiana bila kutukanana.

"Wifi, huyu anaondoka," Noela akasema. "Namwona kabisa anaondoka."

"Nyie Wangoni mna mambo," Zulfa akadakia. "Mtoto anasema wazi, nyie mmekaa mnamtazama kama sinema."

"Anasema nini, we mla panya?"

"Panya ana akili kukuzidi. Analilia jina, huyu. Mmempa lisilo lake. Watajeni wazee wenu, mmoja mmoja. Likifika lake atanyamaza mwenyewe."

Sasa jambo hilo Adela naye analijua, nani asiyelijua? Ila Osmund alikuwa mlangoni, na Osmund ni mwenyekiti wa kwaya.

"Hapa hatufanyi mambo ya kishenzi," akasema. "Mtoto kabatizwa. Anaitwa Otto, jina la babu mkubwa wa ukoo huu. Basi."

"Nilishawataja," Noela akanong'ona, bila hata kumtazama mumewe. "Ulipokuwa mazoezini. Nimetaja wote ninaowajua, wa kwenu na wa kwetu. Hajanyamaza hata kwa mmoja."

Mtoto akazidi kulia.

Hapo kitu kikamgonga Adela kifuani. Akamkumbuka bibi yake. Bibi akitambikia mahoka, yaani wazee waliotangulia, alikuwa anachukua unga, anataja jina, anadondosha kidogo. Anataja lingine, anadondosha. Mwisho kabisa anadondosha unga bila kutaja mtu. Siku moja Adela, kitoto bado, akauliza, "Bibi, huyo wa mwisho ni nani?"

Kofi! Masikio yalilia siku nzima.

Jioni yake bibi akamwita jikoni, akalia yeye, akamwambia. Huyo wa mwisho alinyongwa na Wajerumani baada ya vita vya Majimaji. Kaacha mke ana mimba. Askari wakawa wanapita nyumba kwa nyumba wanauliza, nani wa ukoo wake huyu? Nani? Wanawake wa nyumba ile wakaogopa. Wakalichukua jina lake, wakalipeleka kwenye chemchemi yao ya chini ya mlima, wakaliacha mle. Lisitajwe tena. Mtoto alipozaliwa wakampa Otto, jina la Mjerumani mmoja, ili waonekane wametulia. Wakaogopa weee, mpaka wakasahau kwamba waliogopa. Otto likawa jina la ukoo.

"Na akirudi kwa mtoto, akilitaka jina lake?" Adela mdogo aliuliza.

"Shangazi wa mtoto huyo ataliendea. Halibebwi kwa ndoo, linabebwa kwa kinywa. Unachota maji kwa midomo, unarudi nayo. Humezi, hutemi, huitikii mtu. Ukiyapoteza, limepotea na mtoto."

Adela akawasimulia yote pale. Zulfa akamtazama, akaangua kicheko katikati ya msiba.

"Wa kufunga mdomo ni wewe? Mtoto kafa huyu!"

"Ile chemchemi ilishakauka, dada," Osmund akasema taratibu.

"Imekauka, au umeikausha?"

Osmund akaangalia chini. Mikuyu iliyokuwa inalinda maji yale aliikata mwenyewe, akapanda mikaratusi mpaka kwenye tope. Mnunuzi wa nguzo alikuwa anakuja mwezi huo huo.

Adela akafunga kanga kiunoni, akachukua unga kiganjani, akatoka.

Giza lilikuwa linashuka na yeye. Akaingia kwenye mikaratusi, harufu ikamvaa usoni, kali, kama dawa ya kuchua misuli. Hakuna ndege. Hakuna mdudu. Chini ya miti ile hakuoti hata jani la mboga. Majani makavu tu, chakacha, chakacha, chini ya ndala zake.

Na juu...

Kriii... kriii...

Kama kamba inayobeba kitu kizito.

Miti hiyo, Adela akajiambia. Miti inasuguana. Upepo.

Upepo haukuwepo.

Akafika kwenye bonde. Shimo kavu, limejaa majani na magome. Akapiga magoti, akadondosha unga. "Babu," akasema, sauti ndogo ambayo hajawahi kuitumia tangu azaliwe. "Mimi Adela. Jina lako silijui. Ndilo nililolifuata. Mtoto anakufa."

Akachimba kwa mikono. Majani. Mizizi. Mizizi tena, minene, imejisokota kama nyoka waliolala pamoja. Kucha ikang'oka, hakusimama. Akafikia udongo baridi. Akafikia tope. Tope likaanza kutoa jasho, tone, tone, mpaka kikajaa kidimbwi cha ukubwa wa sahani. Adela akainama, akaweka midomo, akafyonza.

Fyuuu.

Akapumzika kidogo.

Fyuuu.

Haikuwa yeye.

Mtu mwingine alikuwa anafyonza. Upande wa pili wa sahani ile ile.

Adela hakuinua uso. Yesu na Maria, hakuinua. Aliona tu viganja viwili vimekanyaga tope, vya mwanaume, vyeusi, vimepasuka. Akaona na kidevu kinachogusa maji. Kati ya viganja na kidevu kulikuwa na shingo, na ile shingo ilikuwa ndefu. Ndefu kuliko shingo.

Akafyonza mara ya mwisho, mashavu yakajaa. Akasimama. Akageuka. Akaondoka.

Mwenzangu, jaribu wewe kutembea na maji mdomoni huku moyo unapiga kama ngoma ya lizombe. Anapumua kwa pua tu. Anakwenda nusu anakimbia, nusu anajizuia.

"Adela!"

Nyuma yake. Sauti ya Zulfa.

"Mtani wangu, ngoja! Umesikia ya mke wa mwenyekiti wa mtaa na yule wa pikipiki? Wamekamatwa leo! Ngoja nikwambie walivyokutwa!"

Shingo ya Adela ikageuka nusu, yenyewe. Miaka arobaini ya kazi, unafikiri mchezo? Swali lilishafika kwenye meno. Wamekutwa wapi? Kicheko kikamsukuma tumboni, maji yakacheza mdomoni, tone moja likamtoka kwenye kona, likateremka kidevuni.

Akakumbuka. Zulfa alibaki nyumbani, kampakata mtoto.

Akaendelea. Sauti nyuma yake ikacheka. Halafu ikaanza kulia.

Simu ikaita.

Akashtuka nusura ayateme yote. Akaitoa kiunoni. Imeandikwa Wifi Noela. Akabonyeza, akaiweka sikioni, aisikilize tu.

"Wifi... rudi polepole, usijisumbue tena," Noela akasema. "Otto kanyamaza. Tumeshamfunika."

Na kweli, kule nyuma ya sauti hakukuwa na kilio.

Ukelele ukapanda kutoka tumboni, ukafika kooni, ukakuta maji. Adela akang'ata midomo mpaka ikachanika, damu ikaingia kwenye maji. Machozi yakamwagika kwa ajili ya mdomo usioweza. Mtoto wa watu! Kwa nini anaendelea kubeba? Ateme tu, alie, amlilie mwanawe...

Halafu akasikia. Ndani ya simu.

Kriii... kriii...

Akaitupa majanini kama kaa la moto.

Sasa akakimbia. Na walikuwa wengi. Kushoto, kulia, kila mti una sauti. Adela. Dada Adela. Shangazi. Mama. Wengine kwa Kiswahili, wengine kwa lugha ambazo hakuzijua. Hawakumtukana, hawakumtisha. Walikuwa wanaomba. Hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Karibu na mwisho wa mikaratusi ikaja hatua moja tu, kando yake. Nzito. Inaburuza kidogo. Harufu ya tope na ugoro. Mtu akatembea naye bega kwa bega, na kichwa chake, Adela alikiona kwa pembe ya jicho, kimelala begani kama cha mtoto aliyesinzia.

Akainama kwenye sikio lake.

"Polepole, mwanangu," akanong'ona. "Usinimwage."

Adela akapunguza mwendo.

Taa ya nyumba ikaonekana. Kilio kikasikika, chembamba, kinakatikakatika, lakini kipo. Mtoto yuko hai! Osmund akaja mbio uani. "Dada, vipi? Umeona nini? Mbona una damu?" Adela akamsukuma akaangukia beseni la usipa. Akaingia, akamwinamia mtoto mapajani kwa Zulfa, akampulizia maji usoni.

Pfuuu!

Na mdomo wake ukataja jina.

Hakulifikiria. Hajawahi kulisikia. Lilitoka tu, zito, la kizamani, na sauti haikuwa yake yote. Jina lenyewe ni la watu wa nyumba ile, tuwaachie.

Mtoto akanyamaza.

Akawafumbulia macho mmoja mmoja, kama mgeni aliyefika usiku anayehesabu wenyeji wake. Akageuza kichwa, akatafuta titi. Noela akamchukua, akamweka kifuani. Ikasikika sauti ya kunyonya, na Zulfa, mdomo mchafu yule, akajifunika kanga akalia.

Osmund alikuwa kwenye kizingiti, usipa kwenye nywele, magoti chini.

"Nani kakwambia jina hilo?"

Adela akamwuliza Noela kwa sauti iliyokauka, "Wifi, ulinipigia simu?"

"Mimi? Simu yangu imezima tangu asubuhi, haina chaji."

Kulipokucha Osmund hakwenda kwenye kwaya. Alichukua shoka, akaenda bondeni peke yake, akaanza na mti uliokanyaga chemchemi. Mnunuzi wa nguzo akapiga simu, ikaita mpaka ikachoka. Noela alipompelekea uji alimkuta kakaa juu ya gogo anatazama kisiki. Kisiki kinatoa maji. Yanateremka, yanajipeleka yenyewe shimoni. Osmund akasema atatafuta miche ya mikuyu.

Siku nzima Adela alisimulia. Sokoni usipa uliisha kabla ya adhuhuri, watu walikuwa wananunua hadithi. Kicheko kikarudi. Jioni akapita kwa mdogo wake, wakakaa uani, mtoto kashiba, anachezea kidole cha mama yake.

Jua likagusa mlima.

Wote wakamtazama mtoto.

Mtoto akapiga miayo, akalala.

"Tumeshinda," Noela akasema, na akacheka. Mara ya kwanza tangu ajifungue.

Hajamaliza kucheka.

Kilio kikaanza. Nyumba ya pili, kwa Zulfa, mjukuu wake. Kilio cha mtu mzima kwenye koo la mtoto. Kikadakwa na nyumba ya juu ya barabara. Kikadakwa na nyumba mbili za bondeni, halafu kule kwenye njia ya kisima. Kinakwenda kama moto kwenye nyasi, mtoto kwa mtoto, mpaka kikasikika hafifu upande wa Ruhuwiko.

Walikuwa wengi walionyongwa.

Mlango wa uani ukasukumwa. Zulfa, mjukuu mkononi, kanga imemdondoka kichwani. Hakutukana.

"Dada Adela," akasema. "Hata kwetu kuna mmoja hatumtaji. Nakuomba."

Adela akafungua kinywa, amwambie yeye si shangazi wa kule, hajui jina la kwao liliachwa kwenye chemchemi ipi.

Hakikutoka kitu.

Kinywa kilikuwa kimejaa maji. Baridi.