Ndege Iliyotoka Homa Bay

Ilikuwa Jumanne, tarehe 15 Agosti 1995. Mvua ya usiku ilikuwa imekatika, na ukungu mwembamba ulitanda juu ya uwanja wa ndege wa Migori. Kama kila asubuhi ya likizo, Nyakerario, msichana wa miaka kumi na miwili, alimpelekea babake uji. Mzee Arasa alikuwa mlinzi wa uwanja huo wa nyasi.

Kwenye kibanda cha mlinzi alimkuta muuguzi Bathsheba kando ya pikapu. Ndani yake alilala mama mjamzito aliyepoteza damu nyingi.

"Ndege inaondoka Homa Bay sasa hivi, itampeleka Nairobi," Mzee Arasa alisema. "Mwanangu, kimbia nyuma ya mwinuko uondoe ng'ombe wote, kisha uniambie."

Mwinuko ulikuwa katikati ya uwanja. Aliyekuwa kibandani hakuuona mwisho wa pili. Huko ng'ombe wa majirani walikuwa wakila majani mabichi. Zubair, mtoto wa mwenye duka, alikuwa akicheza gololi peke yake.

"Wee, mbona unahema kama mbwa wa mwindaji?" Zubair alicheka. Nyakerario alipomweleza, akasema, "Ndege ya Homa Bay? Juzi tulikwenda huko kwa gari la baba. Tulitoka asubuhi, tukazunguka Rongo, tukafika jua la utosi! Hiyo ndege bado sana. Keti tucheze."

Nyakerario aliona maneno hayo yana akili. Akacheza. Kisha, akihofia kutafutwa, akarudi mbio kibandani.

"Tayari, Baba. Nimewaondoa," alisema, akikusudia kuwaondoa baadaye.

Kabla hajageuka, ngurumo ya ndege ilisikika upande wa kaskazini. Mzee Arasa akachukua kitambaa cheupe, ishara kwamba uwanja ni salama.

Nyakerario alikikodolea macho kitambaa. Akisema, ataadhibiwa mbele ya watu. Asiposema... Alimtazama yule mama kwenye pikapu. "Ee Mungu, nifungue kinywa," aliomba.

"Baba, usikipunge! Nimekudanganya! Ng'ombe wapo!"

Mzee Arasa alitupa cheupe, akanyakua chekundu cha hatari, akakimbilia uwanjani akikipunga. Ndege ilikuwa imeshuka mno, hata magurudumu yalionekana. Nyakerario alifumba macho. Mlio ukampita utosini, halafu ukapanda. Ndege ikazunguka juu ya mtaa wa Suna huku yeye na Zubair wakiwafukuza ng'ombe, machozi yakimtiririka. Hatimaye ikatua, ikampakia mama, ikaruka tena.

Alasiri, muuguzi Bathsheba alirudi kibandani na habari za simu kutoka Nairobi: mama yu hai, na mtoto pia. Nyakerario alilia upya.

"Barabara huzunguka vilima," babake alimwambia taratibu. "Ndege hukata moja kwa moja; ikitoka Homa Bay, chai yako haijapoa imeshafika. Hukujua, na kutojua si dhambi. Lakini uliponiambia 'tayari', ulinifumba macho. Mwanangu, kosa hurekebishwa likisemwa; likifichwa, huua."

"Na mimi nilimponza," Zubair, aliyekuwa kando yake, alinong'ona.

"Wewe utajisemea," Bathsheba alijibu. "Binti, unaahidi nini? Tunakusikiliza."

Nyakerario alisimama wima. "Mbele ya Mungu, Baba, Sista Bathsheba na Zubair, naahidi: sitasema kazi imekwisha kabla haijakwisha. Na nikikosea, nitakuja kusema kabla sijaulizwa."