Kuitika Kabla ya Kuitwa

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi wa mashine ya kupiga picha za ubongo. Dada yake mkubwa alikuwa amelala wiki kadhaa bila fahamu, na daktari alitaka kujua kama bado anasikia. Kama hasikii, matibabu yangesitishwa.

Wakamwingiza mashineni, wakazima taa, na rafiki yangu akawa anamwita kwa kipaza sauti: "Dada! Dada!"

Mashine ile haipigi picha ya ubongo wote kwa mara moja. Huupiga picha tabaka kwa tabaka, kama mkate unavyokatwa, kisha fundi husahihisha nyakati ili kila tabaka lirudi kwenye sekunde yake. Alipomaliza kusahihisha, aliona kwamba dada anasikia. Ila ubongo wake ulikuwa ukiitika kabla hajamwita.

"Umekosea mpangilio, bwana mkubwa," daktari akamtania. "Mashine hii hupiga tabaka za witiri kwanza, moja, tatu, tano, ndipo irudie za shufwa, mbili, nne, sita. Hesabu za shule umezisahau?"

Akarekebisha. Jibu likawa lile lile.

Wakarudia, na safari hii rafiki yangu hakumwita kabisa. Gizani ilisikika mashine tu ikigonga, ko, ko, ko. Ilipotulia, sauti ya dada ikatoka kwenye spika, nyembamba kama ya mtoto.

"Abee."

Dada hakuwahi kumwitikia hivyo mdogo wake. Abee ilikuwa ya kumwitikia mama yao peke yake, naye tulimzika zamani.

"Dada, ni mimi hapa!" akapiga kelele. "Nisikilize mimi!"

"Abee, mama," dada akasema. "Nakuja."