Mtaalamu wa Viungo Apanda Kinole

Mwaka ule mananasi yalikubali sana kijijini Kinole, kwenye milima ya Uluguru. Kila asubuhi Mwanaasha alipanda mlimani kuvuna. Mchana alikwenda kwenye darasa la elimu ya watu wazima. Jioni alipika. Kazi zote zilikuwa zake, maana mume wake, Maneno, alikuwa kitandani.

Maneno alianguka kutoka juu ya mfenesi akavunjika mguu wa kulia. Hospitalini Morogoro alifungwa plasta ngumu. Mfupa uliunga, plasta ikatolewa. Lakini goti lilikuwa limekakamaa. Ukiligusa tu, anapiga kelele.

"Usimwamshe," mama yake Maneno alimwambia Mwanaasha. "Mguu uliovunjika unataka kulala."

Basi Maneno akalala miezi miwili. Paja lake likawa jembamba kama mkono.

Siku moja balozi wa nyumba kumi alikuja mbio, akamwita Mwanaasha kwa jina la mtoto wake. "Mama Zuhura! Hospitalini amekuja mtaalamu wa viungo kutoka India. Mpelekeni mgonjwa!"

Moyo wa Mwanaasha uliruka. Wiki ile ile walimbeba Maneno hadi barabarani, wakapanda lori.

Hospitalini walipokewa na nesi Eufrazia, Mluguru mwenzao. Pembeni yake alisimama msichana wa Kihindi mwenye koti jeupe.

"Huyu ndiye daktari mgeni?" Mwanaasha aliuliza.

"Anaitwa Chandrika. Si daktari," alisema Eufrazia. "Hachomi sindano, wala hapasui. Anafundisha viungo kufanya kazi tena."

"Kwani kwao hakuna wagonjwa?" Maneno alinong'ona.

Chandrika alisikia, akacheka. "Wapo wengi, ndugu. Lakini na wataalamu wapo. Hospitali hii haikuwa na hata mmoja. Nimekuja kwa mkataba wa miaka miwili."

"Na hakuanza kazi siku aliyoshuka," Eufrazia aliongeza. "Kwanza vyeti vyake vilikaguliwa Dar es Salaam, akapewa kibali. Kisha alifanya kazi chini ya daktari wetu, huku akijifunza Kiswahili."

Chandrika alitazama picha ya mfupa. Akashika goti taratibu. "Kunja kidogo, ndugu Maneno."

"Mama wee! Linauma!"

"Limelala mno. Maumivu yakizidi niambie, tutapunguza. Lakini mfupa umeshaunga. Sasa kulala ndiko kunakokuumiza."

Baada ya wiki tatu Maneno alitembea ukumbi mzima kwa fimbo. Mwanaasha alipiga vigelegele mpaka wagonjwa wengine wakapiga makofi.

Lakini furaha ile iliishia Kinole. Kutoka barabarani kwenda nyumbani kwao, njia inapanda mlima mkali. Maneno aliteleza, akaanguka. Alipofika ndani alirudi kitandani.

"Nimefundishwa kutembea kwenye saruji," alisema. "Huku mimi ni kilema tu."

Mwanaasha hakulia. Alichukua daftari lake la darasani, akaandika barua ya kwanza maishani mwake: "Dada Chandrika. Mume wangu hospitali anatembea. Kinole hatembei. Njoo uone." Akampa dereva wa lori.

Ijumaa iliyofuata watoto walipiga kelele njiani. Chandrika alikuwa anakuja! Alipanda na Eufrazia, anahema, viatu vimejaa udongo. Alikuwa ameketi kupumzika mara tatu.

"Ndugu Maneno, nisamehe," alisema mlangoni. "Kwetu ni tambarare. Nimesoma miaka mitatu, lakini mlima huu haukuwa kwenye masomo yangu. Nilikufundisha njia yangu, si njia yako. Mama Zuhura, nionyesheni mnavyoshuka hapa."

Mwanaasha alishuka upesi, upande upande. Chandrika akajaribu. Hatua mbili tu, puu! Akakaa chini kwenye matope.

Maneno, aliyekuwa mlangoni, alicheka mpaka machozi. "Siyo hivyo, dada! Geuza miguu pembeni! Tazama!"

Akatoka na fimbo yake kumwonyesha. Hatua moja. Mbili. Nne. Ndipo Maneno mwenyewe akagundua kwamba amesimama kwenye mteremko.

"Hapo hapo!" Chandrika alisema, macho yanang'aa. "Leteni jembe!"

Walichimba ngazi fupi kwenye udongo mbele ya nyumba. Chandrika alieleza, Mwanaasha akaandika: "Fimbo mkono wa kushoto, maana mguu mbovu ni wa kulia. Kupanda, tanguliza mguu mzima. Kushuka, tanguliza mguu mbovu. Mara kumi asubuhi, mara kumi jioni. Goti likivimba, pumzika. Lisipopoa, rudi hospitali."

Kila siku Mwanaasha alisoma, Maneno akafanya. Mama yake ndiye aliyekuwa akihesabu kwa sauti kuliko wote. Wiki ya nane Maneno alifika kwenye shamba la mananasi kwa miguu yake.

Mjini nako mambo yalibadilika. Nyuma ya wodi, Chandrika aliomba pachimbwe mteremko na ngazi za udongo. Kila mgonjwa mpya alipofika, Chandrika alimwuliza kwanza, "Njia ya kwenu ikoje?"

Siku ya soko, lori lilipofika, walishuka kutoka mlimani watu wawili ambao Kinole haikuwa imewaona kwa muda mrefu, maana walikuwa wamelala ndani. Mmoja alikuwa mzee aliyepooza mkono, mwingine mama aliyevunjika nyonga. Ndugu zao walikuwa wamewashika mabegani. Mwanaasha alipanda nao garini kuwapeleka hospitali, daftari kwapani. Maneno alibaki barabarani akipakia mananasi.

"Mwambieni Dada Chandrika," alipaza sauti, "safari hii akija, nitamshika mkono!"