Mkokoteni wa Mjomba

Kila Jumamosi asubuhi, Chiriku aliamshwa na mkokoteni wa mjomba wake. Gurudumu lake moja lililia kama kifaranga aliyepotezana na mama yake, na mtaa mzima ukajua kuwa mzoa taka amefika. Chiriku, aliyepewa jina hilo na majirani kwa sababu mdomo wake haukujua likizo, alikurupuka kufunga gunia la kwao kwa utepe wa njano, fundo lake la siku zote la vitanzi viwili. Ndani mlikuwa na maganda, majivu na vipande vya nguo, maana mama yake alikuwa fundi cherehani.

"Shikamoo, Mjomba!"

"Marahaba, mama maneno! Leo gunia limenenepa kuliko wewe."

Mjomba alikuwa mdogo wake mama, na Chiriku alimjivunia mno. Darasani aliwahi kusimama kifua mbele akatangaza kwamba bila mjomba wake, mtaa ungenuka hadi ndege wakimbie.

Mtaa wenyewe ulikuwa umebadilika. Chiriku alipoanza darasa la kwanza, kila nyumba ilikuwa na uwanja wa watoto kuchezea. Sasa viwanja vyote vilikuwa vimejengwa vyumba vya kupanga, vimebanana kama punje za hindi, na kila chumba kilikuwa na familia nzima iliyokuja mjini kutafuta kazi. Bomba lilikuwa lile lile, mtaro ule ule, lakini watu walikuwa wameongezeka maradufu.

Mvua zilipoanza, mtaro ulifurika. Maji meusi yaliingia katika vyumba vipya vya bondeni, na chumba cha kina Mpole hakikusalimika. Mpole alikuwa rafiki wa Chiriku, tena walikaa dawati moja. Mdogo wake Mpole aliharisha hadi akalazwa hospitali.

"Ni hao wapangaji wapya," Mjomba alisema akinawa mikono uani. "Wamekuja juzi, usafi hawaujui. Wanajaza mtaro taka, kisha wanalia mafuriko."

Chiriku aliyameza maneno hayo bila kuyatafuna. Kesho yake, Mpole alipokuwa akisimulia wenzake jinsi godoro lao lilivyoelea, Chiriku alimkatiza.

"Si mmejitakia wenyewe? Mjomba wangu anasema nyinyi wa vyumba vipya ndio mnaotupa taka mtaroni."

Mpole alikusanya madaftari yake, akahamia dawati la nyuma.

Mjumbe wa mtaa, mama mfupi mwenye sauti kama kengele ya shule, aliwaita wakazi wote kuzibua mtaro. Aliwagawa makundi. Chiriku akajikuta na Mpole upande wa juu, nyuma ya ukuta wa kiwanda cha matofali, mahali ambapo hapakuwa na nyumba hata moja. Walichimbua bila kusemezana. Taka zilikuwa zimeshindiliwa pale, gunia juu ya gunia. Mpole alivuta moja kwa reki, likapasuka. Vikamwagika vipande vya kitambaa cha buluu cha sare za shule, majivu yaliyolowa, na maganda yaliyooza. Mdomo wa gunia ulikuwa bado umefungwa kwa utepe wa njano wa cherehani, fundo la vitanzi viwili.

Mpole alilitazama lile fundo, kisha akamtazama mwenzake. "Hili si lenu?"

Chiriku angeweza kusema hapana. Wenzake walikuwa mbali, na gunia lingeweza kusukumwa chini ya matope, mambo yakaisha.

"Ni letu," akasema kwa sauti ndogo. "Nililifunga mwenyewe. Nikampa Mjomba mkononi."

Chiriku alikimbia nyumbani, akamkuta Mjomba uani akinywa chai na mama yake. Hakusalimia.

"Mjomba, taka zetu unazipeleka wapi?"

"Dampo. Kwani wapi tena?"

"Nimeliona gunia letu mtaroni, kule kiwandani."

"Labda mbwa wamelikokota."

"Mbwa wamekokota magunia yote yale?" Machozi yalianza kumtoka. "Nimemtukana Mpole kwa ajili yako! Mdogo wake amelazwa, na mimi nikasema wamejitakia!"

Mjomba aliweka kikombe chini.

"Zamani nilikuwa nakwenda mara moja tu, nimemaliza," akasema bila kumtazama. "Sasa vyumba vimekuwa kama uyoga. Dampo la zamani limejengwa nyumba, jipya liko nyuma ya kilima. Mgongo wangu ni ule ule mmoja."

"Kulemewa si kosa," mama alimjibu. "Ungesema, tungekusaidia. Lakini umetuchafua, kisha ukawasingizia watu wasio na hatia. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako! Inuka, ndugu yangu. Twende kwa mjumbe ukaseme mwenyewe."

Mjomba alisema mbele ya mtaa mzima, kichwa chini. Wengine walifoka, wengine walitaka afukuzwe. Mjumbe aliwatuliza. Wiki hiyo alikwenda manispaa, wakakubali gari la taka lifike barabara kuu. Mjomba angebeba taka hadi hapo tu, pamoja na vijana wawili wa vyumba vipya. Maganda yangewekwa kando yawe mbolea. Na Mjomba ndiye aliyeingia mtaroni kutoa gunia la mwisho.

Chiriku alikwenda kwa kina Mpole. Mdogo wake Mpole alikuwa amerudi kutoka hospitali, amekonda.

"Nisamehe," akasema mlangoni. "Nilisema jambo nisilolijua."

"Nimekusikia," Mpole alijibu. Hakumkaribisha ndani, lakini hakufunga mlango.

Njiani alikutana na mjumbe, akamweleza yote huku akilia. Mjomba ndiye aliyemuumiza zaidi, alisema, kwa sababu Chiriku alimwamini kuliko mtu yeyote.

"Lia, mwanangu, inauma," mjumbe alimwambia. "Lakini sikiliza. Mji ukikua, kazi nayo hukua. Anayeshindwa aseme ameshindwa, maana mficha maradhi kifo humuumbua. Na taka hazina mgeni wala mwenyeji. Kabla hujamnyooshea kidole jirani, nenda kwanza kaangalie kwa macho yako."

Kesho yake shuleni, Chiriku alibeba madaftari yake, akaenda dawati la nyuma. Mpole alimtazama, kisha akasogea kidogo kumpa nafasi ya kukaa.