Ruhusa ya Mzee Kadiri

Kwa miaka kumi na mmoja Shazina alimpikia baba mkwe wake abista, ule ugali laini wa mahindi, akamtengea na jibini, asimwambie hata neno moja. Ndiyo desturi ya Waabkhazi. Mke wa mwana hafungui kinywa mbele ya baba mkwe mpaka mzee mwenyewe amruhusu. Akiwa na shida, alimnong'oneza mama mkwe, Bi Feniya, naye akaifikisha. Mzee Kadiri hakuwa na haraka ya kuruhusu.

Siku moja mchana akaja jirani yao, Mwalimu Esma, anayefundisha watu wazima kusoma. Alileta kitabu.

"Mzee, unamkumbuka Astamur, mshairi wetu wa kwanza?"

"Nitamsahauje? Alishinda humu jikoni siku tatu, mama akiimba, yeye akiandika. Tulimcheka sana. Mwanamume mzima anahangaika na nyimbo za kubembelezea watoto."

"Basi ule wa mama yako umo humu. Wote."

Mzee alikikazia macho kitabu. Mama yake alikufa zamani. Katika wimbo ule alibakiwa na mstari mmoja tu, na hata huo ulikuwa unamponyoka.

"Nisomee," alisema.

"Mimi sisomi. Msomaji unaye nyumbani. Shazina amemaliza darasa langu."

Bi Feniya akacheka. "Haya sasa. Sauti yenyewe huijui, leo unataka ikusomee."

Shazina alisimama mlangoni. Alitamani kusoma kuliko kitu chochote. Lakini bila ruhusa asingethubutu, na mzee akikataa leo, hataombwa tena.

Mzee Kadiri akainuka kitini. Mzee hamwinukii mkwe, lakini yeye aliinuka, akamnyooshea kitabu kwa mikono miwili.

"Mwanangu, nimechelewa. Sema."

Shazina akafungua ukurasa. Herufi zilikuwa za Kiabkhazi, lugha ya jikoni kwake, na humo mlikuwa na mwanamke ambaye hakuwahi kumwona, mzima kabisa, anaimba.

"Lala, Kadiri wangu," alisoma taratibu, "mlima umeshalala."

Mzee akafunika uso. Hakuwa amewahi kuisikia sauti ya mkwe wake, na neno lake la kwanza lilikuwa la mama yake mzee.

"Endelea, mwanangu," alisema. "Usinyamaze tena."